Picha ya nyumba mbili kwenye njia ya chai, na fundi aliyekataa kupiga hadi pande zitoshane

Wakuu, salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi na ukungu. Leo nimekaa na kikombe changu, na ninachoandika kilitokea mbele ya macho yangu. Sitaongeza chumvi. Walioshuhudia wengi wako hai, na wengine wamo humu humu jukwaani wananijua kwa jina.

Juzi kuna kijana alileta picha ya mashamba ya chai ya Kericho iliyopigwa kutoka juu angani. Akauliza hii symmetry mnayosifu, huu ulinganifu wa pande, ni kitu gani hasa, si ni mistari tu? Watu wakamjibu kwa maneno makubwa ya vitabuni. Mimi nilinyamaza, kwa sababu jibu langu ni refu na lina watu ndani.

Basi nalileta hapa kama uzi. Ni la miaka ya tisini, upande wa Merigi, Bomet.

Kwanza mjue nilikuwa nani pale nyumbani, maana bila hilo hamtaelewa kitu.

Mimi niliolewa na mwanamke.

Subirini, msianze kurusha mawe. Hii ni desturi ya Kipsigis ya tangu zamani. Mke ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume anaweza kuoa msichana ili nyumba yake isianguke. Sisi tunaita kitunji toloch, na toloch ni nguzo ya kuegemeza. Yule mama anatoa ng'ombe kama mwanaume yeyote, wazee wanakaa, mambo yanafanywa wazi. Kuanzia siku hiyo yeye ndiye mume wa ile nyumba. Anakaa na wanaume kwenye vikao. Watoto wa yule msichana ni wa nyumba yake.

Najua swali linalowawasha. Mtakaa nalo hivyo hivyo. Kwetu haliulizwi, na mimi silijibu.

Aliyenioa tulimwita Kogo, yaani nyanya, kwa sababu ya umri wake. Watoto wangu watatu walimwita hivyo na mimi nikafuata. Alikuwa mke wa kwanza wa Mzee, mwenye boma. Mke wa pili wa Mzee tulimwita Bot Kiplangat, mama yake Kiplangat, na huyo alijaliwa hasa. Wavulana wengi, warefu, wenye mabega. Mkubwa wao, huyo Kiplangat, alikuwa anafanya biashara ya ng'ombe kule Mulot na alikuwa na pickup yake.

Kwa hiyo boma moja, nyumba mbili. Upande mmoja umejaa watu, upande mwingine ni Kogo, mimi na watoto wangu.

Na kwetu shamba hugawanywa kwa nyumba. Hatuhesabu vichwa. Nyumba mbili ni nusu kwa nusu, hata kama hii ina watu kumi na ile ina mmoja. Wavulana wa Bot Kiplangat walijua hivyo. Hawakusema kwa sauti, lakini ukipita wakiwa wamekaa, mazungumzo yanakatika. Kanisani nako kuna waliokuwa wananiita "yule wa Kogo" kwa namna ya kuvuta midomo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na mimi kamba yangu niliizoea.

Sasa picha ilitokea wapi?

Ilitokana na wivu, wakuu. Wivu mtupu wa wazee.

Mzee alikuwa na rika lake kule Ndanai, walitahiriwa pamoja, wanapendana na wanashindana kwa kila kitu. Alienda kumtembelea, akakuta ukutani picha kubwa yenye fremu. Familia yote imepigwa, na yule rika wake amekaa katikati kwenye kiti kama chifu, wake na watoto wamemzunguka. Mzee alirudi nyumbani amenuna. Hakula. Asubuhi akatangaza kwamba Jumapili itakayofuata kila mtu aje, hata wa Mulot, tunapigwa picha. Na yeye atakaa katikati.

Jumapili ilipofika, tulitoka kanisani na nguo zetu nzuri. Mpiga picha hajafika, Mzee akaamua kutupanga mwenyewe.

Hapa lazima nieleze kitu kwa wale ambao chai wanaijua kwenye kikombe tu. Ukichuma chai, unalaza ufito mrefu juu ya mche, na unachuma yale majani machanga yanayozidi ule ufito. Hivyo shamba lote linabaki sawa juu, kama meza. Mche ukiwa na kichwa kirefu, hiyo ni aibu ya mwenye shamba.

Mzee akaleta ufito.

Akatupanga mstari, akaulaza ufito vichwani mwetu kuanzia huku mpaka kule. Mrefu akiinua ufito, anaambiwa apinde magoti. Mfupi anaokotewa jiwe asimame juu yake. Wale wavulana warefu wa Bot Kiplangat walikuwa wamekunja magoti ndani ya suti, wanatetemeka. Mimi nilipewa mawe mawili. Mzee akarudi nyuma, akatazama, akasema, "Sasa mko sawa."

Katika hali hiyo ndipo fundi alipoingia langoni na baiskeli yake.

Fundi huyu alikuwa mtu wa kutoka upande wa ziwa, alikuja zamani kufanya kazi kiwandani. Kazi yake ilikuwa mashine, zile rola za kusaga chai. Jumapili ndiyo alikuwa anapiga picha. Nitamwita Fundi tu, ndivyo alivyoitwa na kila mtu. Alikuwa mtu wa maringo, nisiwafiche. Viatu vinang'aa, kitana mfukoni, na alikuwa anajisifu kabla hujamsifu. Lakini mgala muue na haki yake mpe. Katika maisha yangu sijaona tena mtu anayeijua kazi yake namna ile.

Alituangalia tulivyopinda magoti, akacheka mpaka akashika baiskeli isianguke.

"Mzee, hii ni familia ama ni majani? Unataka kuwapeleka kiwanda?"

Mzee hakufurahia. Lakini tulishuka kwenye mawe, na magoti ya watu yakashukuru.

Mzee alitaka tupigwe mbele ya nyumba mpya ya mabati. Fundi akaizunguka ile nyumba mara moja, akatikisa kichwa. Mlango uko pembeni, dirisha moja kubwa na lingine dogo, paa limeinama. Akasema ukutani kwa nyumba kama hiyo hata malaika watatoka wamepinda. Akaanza kutembea shambani peke yake, mikono nyuma, na sisi tukamfuata kundi zima.

Akasimama kwenye njia ya wachumaji.

Mnazijua zile njia zinazokata shamba la chai. Hiyo ya kwetu ilikuwa inashuka imenyooka, chai huku na chai kule, mpaka chini kwenye bluu gamu mbili, ile mikaratusi mirefu, zilizosimama karibu na mto. Nimepita pale kila siku na kikapu mgongoni, na sikuwahi kuiona. Yaani nilikuwa naikanyaga tu.

Fundi akaweka stendi yake ya miguu mitatu. Akatoa pima maji, ile ya mafundi yenye kipovu ndani, akailaza juu ya kamera. Akafunga timazi kwa uzi chini yake, jiwe lile la chuma likaning'inia mpaka likatulia. Akasogeza mguu mmoja wa stendi kidogo sana. Akachungulia. Akasogeza tena. Watoto walianza kucheka, wakanyamazishwa. Alifanya hivyo muda mrefu, analala chini, anainuka, anapangusa suruali, analala tena.

Halafu akasema kila mtu aje achungulie, tuone kazi kabla hatujaiharibu kwa sura zetu.

Tulipanga foleni, wakuu. Familia nzima, kuchungulia njia tupu.

Zamu yangu ilipofika niliweka jicho pale. Sijui niseme vipi. Njia ilikuwa katikati kabisa. Chai ya kulia na chai ya kushoto zilikuwa zinashuka pamoja, zinakaribiana, zinakutana chini kwenye zile bluu gamu mbili, moja huku, moja kule. Hakuna upande uliokuwa unauonea mwingine. Moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo hata kanisani haukuwa umetulia asubuhi ile. Nilitaka kukaa pale. Mtu wa nyuma yangu akanisukuma.

Kogo alichungulia kwa muda kuliko wote. Alipoinuka akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hii shamba imegawanywa vizuri."

Watu wakacheka. Kiplangat hakucheka.

Basi kupangwa kukaanza. Kiti cha Mzee kikawekwa katikati ya njia, kama alivyotaka, juu ya ule mstari. Mzee akakaa, fimbo yake mkononi, kifua mbele. Alikuwa tayari yuko Ndanai moyoni.

Fundi akaweka viti viwili vingine. "Akina mama. Mmoja huku, mmoja huku."

Kwake yeye ilikuwa hesabu rahisi. Mwanaume katikati, wake wawili pembeni, imetoka sawasawa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia.

Bot Kiplangat akakaa kulia.

Kogo akabaki amesimama kando ya chai. Alivuta kitambaa chake kichwani, akasema, "Mimi sitakaa hapo."

Fundi akadhani ni aibu za wazee, akaanza kumbembeleza. Ikabidi mimi nimsogelee, nimweleze chinichini kwamba yule hawezi kukaa kama mke. Ana mke. Mke ni mimi. Akikaa kwenye kile kiti mbele ya kamera, ni kama amesema ile nyumba yake ni mchezo, na watoto wangu hawana baba.

Nilikuwa nasema haya huku masikio yananiwaka. Mtu wa nje, Jumapili, na watu wote wanatazama.

Fundi hakucheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakuna kidevu.

Ndipo Kiplangat akatoka kwenye mstari wa nyuma. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu wa haraka, na alikuwa na ng'ombe wa kurudisha Mulot.

"Fundi, usisumbuke. Kogo ni mzee. Tandika blanketi pale mbele akae na shangazi na wale wanyanya wengine. Hapo atapumzika. Mvua iko karibu."

Ilisemwa kwa heshima, na ilikata kama panga. Kila mtu pale alielewa. Ukimweka Kogo kwenye blanketi na wanyanya, nyumba yake imefungwa. Miaka mingi baadaye mtu akiangalia ukutani ataona mzee mmoja, mke mmoja, wavulana wao, na kibibi fulani kwenye nyasi. Na mimi ningekuwa msichana fulani tu amesimama na watoto.

Kogo aligeuka akapanda njia kuelekea nyumbani kwake, na fimbo yake, polepole. Kile kiti kitupu kikaondolewa. Mzee alimwona akienda. Alitazama mbele.

Na Jumapili ile mawingu yalikuwa yameanza kujaa upande wa msitu. Mnajua kwetu, saa nane haikosi mvua.

"Piga," Mzee akasema.

Fundi akachungulia. Akainua kichwa.

"Hapana. Hii imelala upande moja."

"Piga tu."

"Mzee, nikipiga hivi, kila mtu akiona hii picha atauliza, na yule mwingine ako wapi?"

Nilisikia maji ya mto kule chini. Kiplangat akamwambia Fundi ameitwa kupiga picha, hakuitwa kusuluhisha boma la watu. Na hapo, wakuu, yule mtu wa maringo alifanya kitu kinachonifanya nimheshimu mpaka leo. Alivua kofia. Hakukasirika. Akamgeukia Mzee akaongea naye kama mtu anayeeleza mashine.

Alisema kule kiwandani anafunga rola, na rola huenda mbili mbili. Zinalala sambamba, na katikati kunabaki nafasi ndogo ambayo majani yanapita. Rola moja ikikaa vibaya hata kidogo, chai yote inatoka mbovu na mashine inaanza kupiga kelele usiku kucha.

"Hakuna rola ya katikati, Mzee. Katikati ni pa kupita."

Halafu akaongeza kwamba yeye hajui mila zetu, anajua mistari tu. Lakini mstari unamwambia hapa kuna viti viwili vya wakubwa.

Mzee aliuma midomo. Nilimwona anavyoitazama ile fimbo yake. Yule rika wa Ndanai alikaa katikati! Picha nzima ilianzishwa kwa ajili ya katikati!

Sijui tungekaa vile mpaka lini. Aliyetutoa ni Bot Kiplangat.

Alisimama kutoka kwenye kiti chake. Alikuwa mama mnene, wa maneno machache, na mimi na yeye hatukuwa marafiki hasa. Akakibeba kile kiti mwenyewe, akavuka nacho mbele ya Mzee, akakiweka upande wa kushoto wa njia. Akarudi, akasimama nyuma ya kiti cha Mzee.

"Mimi nimechoka kukaa," akasema. "Sogea, halafu mwite mwenzako."

Mwenzako. Hakusema mke mwenzangu. Kiplangat alimtazama mama yake.

Mzee aliinuka. Akanung'unika kuhusu mgongo, kuhusu siku hizi, kuhusu watu wa kiwandani. Lakini alishika kiti chake kwa mikono yake mwenyewe, akakisogeza kulia, akaacha njia.

Mimi nilikimbia kwa Kogo. Viatu vya kanisani vilibaki kwenye matope, nikaenda miguu mitupu.

Nilimkuta mlangoni anafungua kitambaa. Nikamwambia kiti chake kimewekwa.

"Wapi?"

"Sambamba na cha Mzee."

"Nani ameweka?"

"Bot Kiplangat."

Akaingia ndani. Nikadhani amekataa, nikaanza kulia pale pale kama mtoto. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kijivu, lile ambalo alikuwa analivaa akienda kwenye vikao vya wazee. Akaniangalia miguu yenye matope, akaniambia nipanguse, tunaenda kupigwa picha.

Nikienda mbio hapa mnisamehe.

Alikaa. Fundi akachungulia, na sura yake ikabadilika. Sasa alikuwa na kazi nyingine: watu wengi upande wa Mzee, wachache upande wetu. Nilidhani hapa atashindwa. Lakini aliwabana wale wavulana nyuma ya baba yao kama kuni kwenye mzigo, na akatuachia sisi nafasi, akawatanua watoto wangu kwa upana, binti yangu mkubwa akaambiwa anyooshe sketi yake. Ukichungulia, pande zilikuwa zinatoshana. Sikujua mpaka siku ile kwamba mtu mmoja aliyesimama na nafasi yake anaweza kujaza sehemu sawa na watu wanne waliobanana.

Kulibaki kitu kimoja. Upande wa Mzee ulikuwa umeishia na Kiplangat na mdogo wake, warefu wote, wanalingana kama bluu gamu za kule chini. Upande wetu mwisho ulikuwa chini kwa sababu ni watoto. Fundi akamnyooshea Kiplangat kidole.

"Wewe mrefu. Ng'ambo."

"Mimi ni wa huku."

"Wewe ni wa mahali mstari unataka. Harakisha, mvua!"

Kiplangat akavuka njia. Akasimama mwisho wa upande wetu, mikono amekunja, uso kama mtu aliyemeza mwarobaini. Mtoto wangu wa mwisho akamshika suruali. Bot Kiplangat alicheka kwanza, na kicheko chake kikawashika wengine, mpaka shangazi wa kwenye blanketi akawa anajipangusa machozi.

Halafu Fundi akasema, "Akina mama wa nyuma, mkono kwa bega ya mzee wako."

Mnajua ile pose ya zamani. Mume amekaa, mke amesimama nyuma, mkono begani.

Bot Kiplangat akaweka mkono wake kwenye bega la Mzee. Mimi nilikuwa nyuma ya Kogo, mkono wangu kwenye mgongo wa kiti. Sikuwahi kumgusa Kogo bega mbele ya watu. Niliogopa. Tone la kwanza la mvua lilinigonga kwenye kiganja.

Kogo hakugeuka. Akasema kwa Kipsigis, chini sana, "Weka."

Nikaweka. Nilihisi mfupa wa bega lake ndani ya lile koti, na nilihisi anavyonyooka.

Fundi akapiga.

Akapiga na ya pili, lakini hiyo ya pili mvua ilikuwa imefunguka kwelikweli, na watu wote wanakimbia, kiti kiko kichwani kwa mtu, Mzee amejifunika na blanketi la shangazi. Mzee alikuja kuipenda ile ya pili kuliko kitu chochote, lakini haikuwekwa ukutani.

Picha zilienda kuoshwa Kericho mjini, zikachukua muda. Fundi alizileta mwenyewe, amevaa tai.

Kogo aliipokea ile kubwa, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akafanya kitu ambacho Fundi mwenyewe alisogea kukitazama. Aliweka kiganja chake juu ya upande wa Mzee, akautazama upande wetu. Kisha akahamisha kiganja, akafunika upande wetu, akautazama wa Mzee. Akarudia.

"Tumetoshana," akasema. Akanipa nishike.

Rika wa Ndanai alikuja kuiona pia, Mzee alihakikisha hilo. Alisimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa huku na huku, akauliza kwa nini Mzee hakukaa katikati ya familia yake.

Mzee akamjibu bila kupepesa, "Katikati ni njia. Nikikaa hapo watu wa chai watapita wapi?"

Alilisema kama vile ni wazo lake tangu mwanzo. Bot Kiplangat na mimi tulikuwa jikoni, tukauma vidole tusicheke.

EDIT: Naona swali la shamba limeulizwa mara nyingi. Shamba lilikuja kugawanywa baadaye, nusu kwa nusu kama desturi ilivyo, na maneno yalikuwepo mengi. Sitawadanganya kwamba picha ndiyo ilimaliza. Wazee walikaa, wakamaliza. Kiplangat alikunja mikono kama kwenye picha, halafu akakubali. Siku hizi ndiye anayeniletea mbolea na pickup.

Sasa mafunzo, maana najua bila hayo mtasema nimewapotezea bando.

Kwa yule kijana wa picha ya kutoka angani: mistari yako ni mizuri, nimeipenda, endelea. Lakini usidhani symmetry ni kuhesabu vitu huku na huku mpaka vilingane. Mzee alijaribu hivyo na ufito, tukaishia kupinda magoti. Fundi hakumlinganisha mtu na mtu. Aliacha kila upande usimame kwa uzito wake, halafu akakataa kubonyeza mpaka uwe umesimama. Kukataa ndiko nilikokuona mimi kuwa ufundi. Mvua inakuja, mwenye boma anaamuru, na mtu anasema hapana, imelala.

Fundi alihama miaka ile ile, nasikia alirudi kwao. Kama yuko mahali, na kama mtoto wake anasoma hapa, mwambieni ile picha haijapinda mpaka leo.

Kogo alitutoka. Mzee naye, na Bot Kiplangat.

Mwaka jana binti yangu mkubwa aliolewa, yule wa sketi. Wale vijana wa kupamba ukumbi wakamwambia alete picha ya harusi ya wazazi wake, siku hizi wanaweka mezani karibu na keki. Alinipigia simu kwa aibu, kama mtu anayeogopa kunigusa kidonda. Akasema, mama, kama hakuna si lazima.

Nikamwambia ipo.

Niliitoa ukutani, nikaipangusa, nikaipeleka. Kijana wa mapambo akataka kukata kipande, abaki Kogo na mimi tu, vile wengine ni wengi. Nikamwambia akikata nitambeba na keki yake. Ikawekwa yote, Mzee na Bot Kiplangat huku, njia katikati, sisi kule. Wageni walikuwa wanapita wanainama kuitazama, na mmoja akaniuliza bwana arusi ni yupi.

Nikamwonyesha. Huyo wa koti la kijivu, aliyenyooka kuliko wote. Na huo mkono begani ni wangu.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kabla hujaandika chochote, nenda kwanza ukaitazame ile picha ya zamani ya ukutani kwenu. Angalia nani amepewa kiti, nani yuko kwenye nyasi, na nani alifaa kuwepo na hayupo. Halafu rudi hapa utuambie.